Kuwasha uwanja wa mpira usiku wa Ramadhani kwa betri na inveta

Ramadhani ikiingia, huku pwani mpira unahamia usiku. Watu wakitoka tarawehe vijana wanaingia uwanjani, na fainali inaweza kukaribia daku. Mwongozo huu ni wa kamati yenye uwanja mdogo, watano kwa watano, pasipo umeme wa kuvuta. Uwanja mkubwa kodieni jenereta. Kwenye uwanja mdogo wa mtaani jenereta siitaki kabisa: inanguruma hadi kwa wanaosali tahajudi, na michango yote inaishia kwenye petroli.

1. Hesabu

Taa nne za LED za wati 50 ni wati 200. Kwa saa nne ni wati-saa 800. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, nayo inakula chake, wekeni 900 na kidogo. Mkiweka na meza ya kuchaji simu, simu yenye betri ya 5,000 mAh inataka wati-saa 20 hadi 25 ijae, kwa hiyo simu kumi ni kama 250. Jumla ni karibu 1,150.

2. Betri

Betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya maji (ya risasi na asidi) msiishushe chini ya nusu, hivyo mnahitaji mbili za aina moja na umri mmoja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Mimi nashauri lithiamu: ya Ah 120 moja inatosha, na mtu mmoja anaibeba. Msiazime betri ya gari. Ile imetengenezwa kupiga stata, na mkiikausha kila usiku mtamrudishia mwenyewe betri iliyokufa.

3. Inveta ikae ubavuni mwa betri

Hapa ndipo usiku unapoharibikia. Niliitwa na vijana ambao inveta yao ilikuwa inalia na kuzima kila taa zikiwaka zote. Muuzaji alishawaambia betri imekufa. Tulipima kwenye betri: volti 12.5, nzima. Tukapima kwenye inveta taa zikiwa zimewaka: chini ya 10. Betri ilikuwa imefichwa nyuma ya goli na inveta iko meza ya waamuzi, kati yao mita kumi za waya wa milimita 2.5 (ni milimita za mraba).

Wati 200 kwenye volti 12 zinavuta karibu ampea 19. Waya huo, kwenda na kurudi, unapoteza karibu volti 2.8 njiani, na inveta nyingi hujizima zikiona kama 10.5. Wati hizohizo kwenye volti 230 hazifiki hata ampea moja, na waya wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita 30 haupotezi hata volti moja. Kwa hiyo umbali wote uwe upande wa 230. Upande wa betri waya usizidi mita moja, unene milimita 16 za mraba, na fyuzi ya ampea 60 karibu kabisa na kichwa cha chanya kwa inveta ya wati 500.

Vibanio vya meno sivipendi. Fungeni kwa bolti. Kama kuna unga mweupe kwenye vichwa vya betri, sugueni mpaka risasi ing'ae. Baada ya taa kuwaka dakika kumi, pimeni tena sehemu zote mbili. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali pamelegea, na mara nyingi patakuwa pa moto mkigusa plastiki ya waya.

Tahadhari: volti 230 inaua, hata ikitoka kwenye betri. Waya upite juu, kamwe usilale mchangani wachezaji wanapokimbia. Viungio vininginizwe mbali na umande, na watoto wasisogee kwenye inveta. Betri ya maji ikae pa wazi, kwa sababu inatoa gesi inayoshika moto.

4. Taa

Mirunda minne kwenye kona, taa zielekee katikati na chini ili kipa asipofuke.

5. Meza ya chaji

Simu zisipite kwenye inveta. Tumieni chaja za USB za volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi yake ndogo. Kila simu ipewe namba. Betri ya maji ikifika volti 12.2 ikiwa imepumzika, iko karibu nusu: fungeni meza, mbakize taa.

Asubuhi irudisheni betri kwenye chaji siku hiyohiyo. Betri ya maji ikilala tupu, kesho yake haitajaa kama jana.