SOMO: Kijazo cha kuzuia moto kwenye plastiki za joto kali (soma kabla hujauliza)

Wakuu, swali la "mbona plastiki yangu inatoka na mapovu?" limenichosha. Karibu kila mara kijazo (unga wa madini unaochanganywa na plastiki) kimeachia maji yake ndani ya mashine badala ya kuyatunza hadi moto utokee.

1. Jua joto la plastiki yako. PVC huchakatwa chini ya 200°C, polipropilini 200–230, poliamidi 66 (aina ya nailoni) hufika 270–300.

2. Chagua kijazo. Hapa tulia. Madini ya kijazo yakipata joto huachia maji: joto linamezwa, mvuke unazimua gesi zinazowaka, oksidi inayobaki inafunika uso. Haidroksidi ya alumini huanza kuachia karibu na 200°C. Maji ni takriban 35% ya uzito wake. Ya magnesi huvumilia hadi kama 300°C, maji 31%. Bohemaiti (madini mengine ya alumini) hustahimili zaidi, ila ina 15% tu, kwa hiyo mara nyingi huwa msaidizi.

ANGALIZO: usiamini namba ya kwenye paneli. Kijazo kingi huongeza msuguano, na plastiki hupata joto kuliko ulilopanga. Choma kipimajoto cha sindano kwenye plastiki yenyewe inapotoka. Ukiona michirizi ya fedha au presha inayopanda na kushuka, maji yameshatoka. Punguza mzunguko wa skrubu (parafujo inayosukuma plastiki ndani ya mashine) kwanza.

3. Kausha kijazo na plastiki.

4. Kijazo kiingilie pembeni, plastiki ikishayeyuka. Tundu la kutolea mvuke lisizibe.

MASWALI

– Mkuu, poliamidi 66 nikiweka ya alumini kidogo tu?
– Hatua ya 2. Isome.

– 10% inatosha?
– Hapana. Kwenye maganda ya kebo huwekwa hata 60% ya uzito. Kwa 10% umejaza tu, hujazuia moto.

– Kwa 60% si itakatika ovyo?
– Swali zuri sana. Tafuta kijazo ambacho chembe zake zimepakwa kemikali. Asidi ya steariki hulainisha mtiririko, lakini haishikani na plastiki. Kwa poliamidi chukua aminosilani: inashika pande zote mbili, kijazo na plastiki, na kipande hakivunjiki kirahisi.

– Ya magnesi kwenye PET (poliesta ya chupa)?
– Kuwa makini. Ina asili ya alkali, hukatakata minyororo ya poliesta. Utaona mnato unaporomoka.

– Ya magnesi haili skrubu?
– Ni laini, kama 2.5 kwa kipimo cha ugumu cha Mohs. Kama unachanganya na nyuzi za kioo, hizo ndizo zinazokula chuma.