Mizunguko Inaposhuka Kwenye Magneto Moja: Kutafuta Hitilafu ya Cheche Katika Cessna 172M

Cessna 172M, ndege ndogo ya propela moja, hutumia injini ya Lycoming O-320 yenye silinda nne, plagi nane na magneto mbili (vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche), kila magneto ikilisha plagi moja ya kila silinda. Magneto hujizalishia umeme injini inapozunguka wala haitegemei betri, kwa hiyo swichi ya ufunguo haiipelekei umeme bali huizima kwa kuiunganisha na bodi ya injini kupitia waya. Waya huo wa kuzimia ukikatika, magneto hubaki hai hata kama ufunguo umo mfukoni mwako, na propela ikisukumwa kwa mkono injini inaweza kuwaka ghafla na kumjeruhi aliye karibu. Kwa sababu hiyo weka vizuizi magurudumuni, chomoa ufunguo, funga mafuta, na usisimame kamwe mahali propela inapopita.

Uchunguzi huanzia kwenye kiti cha rubani. Injini ikiwa imepata moto, iweke kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, kisha ijaribu kwa magneto moja moja. Kitabu cha ndege hii kinaruhusu upungufu usiozidi mizunguko 125, na tofauti kati ya magneto mbili isiyozidi 50. Injini ikitetemeka inaposhuka, mara nyingi kuna plagi isiyochoma. Ikishuka kupita kiasi lakini kwa ulaini, shuku taimingi (wakati cheche inapotoka), au mchanganyiko wa hewa na petroli wenye petroli nyingi mno. Isiposhuka hata kidogo usifurahi, maana huenda ndiyo ule waya uliokatika.

Kabla ya kushika spana, ongeza mizunguko hadi 2,000 hivi, punguza petroli kwenye mchanganyiko kwa muda usiozidi dakika moja, kisha pima tena. Petroli ya ndege ya 100LL ina madini ya risasi, na uchafu wake mara nyingi huungua na kuondoka kwa njia hiyo.

Tatizo likibaki, tafuta silinda yenyewe. Endesha injini kwa magneto mbovu peke yake kwa kitambo kifupi, izime, uhakikishe propela imesimama kabisa, kisha pima bomba la moshi la kila silinda kwa kipimajoto cha miale. Lililo baridi kuliko mengine ndilo lenye plagi unayoitafuta. Ni plagi ipi kati ya mbili? Usikisie: fuata waya kwa mkono kutoka kwenye magneto mpaka ufike.

Sheria ya Marekani inamruhusu rubani mwenye ndege yake kusafisha na kubadilisha plagi na kurekebisha mwanya wake, mradi aandike kazi hiyo katika kitabu cha injini na kutia saini. Kwingineko, uliza kwanza mamlaka ya anga. Fungua plagi kwa soketi ndefu ya inchi 7/8, ukiishika wima ili usipasue kauri. Iliyoanguka sakafuni itupe hata kama haina alama, kwa kuwa ufa wa ndani hauonekani. Vipunje vya kijivu vilivyoganda kama shanga ni risasi. Weusi wenye umajimaji ni oili, na plagi za chini ndizo huzidiwa nao. Weka mita ya umeme kati ya kiguso kilicho ndani ya shimo la waya na ncha ya katikati: plagi ya chapa ya Champion yenye kizuizi cha umeme ndani yake (resista) ikizidi omu 5,000, ibadilishe. Binafsi, kipimo hicho nakiamini kuliko macho.

Rudisha plagi kwa pete mpya ya shaba na uikaze kwa nguvu ya futi-pauni 35. Ukitaka uhakika zaidi, hamishia plagi inayoshukiwa kwenye silinda nyingine, urudie jaribio la mabomba. Ubaridi ukiifuata, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, hitilafu iko kwenye waya au magneto, na hapo kazi ni ya fundi mwenye leseni. Mwandikie namba ya silinda, upande wa magneto na kiasi cha mizunguko kilichopungua, asije akaanza upya.