Jinsi ya kujua kama jiwe la jengo la zamani lilichotwa kwenye magofu ya Warumi

Ukifika kwenye kanisa au msikiti wa zamani sana achana kwanza na milango na madirisha, tafuta jiwe lisilo na kazi pale lilipo. Mchongo uko kichwa chini, maandishi yamekatwa katikati, au kuna tundu lisiloshika chochote, hapo anza kushuku.

Tofali ndo rahisi. La Kirumi ni bapa na pana, unene sm 4 hivi tu. Mnara wa kanisa kuu la St Albans, Uingereza, ulioanza kujengwa 1077, umejaa matofali yaliyochotwa magofu ya Verulamium, mji wa Kirumi pale pale jirani. Cheki na chokaa: ikiwa iliyogandia kwenye tofali ni ya pinki (Warumi walichanganya vigae vilivyosagwa) na ya pembeni yake ni nyeupe, dalili nzuri hiyo.

Matundu sasa, hapa watu wanakosea sana. Mawe makubwa yalitobolewa juu, tundu jembamba linalopanuka kwa ndani, ili chuma kiingie jiwe linyanyuliwe. Ukiliona limetazama nje ujue jiwe limegeuzwa, ila mafundi wa karne za baadaye nao walinyanyua hivyo hivyo kwa hiyo tundu peke yake halitoshi.

Maandishi ndo matamu. Washa tochi ya simu, iweke ubavuni kwa ukuta, usimulike moja kwa moja, kivuli kitakuonyesha herufi zilizofifia. Kule Hexham, kaskazini mwa Uingereza, askofu Wilfrid alijenga kanisa miaka ya 670 kwa mawe ya Corbridge, mji wa Kirumi wa jirani, na kwenye dari ya chumba cha chini kuna jiwe lenye majina ya kaisari Severus na wanawe, la Geta limekwanguliwa, maana kakake Caracalla alimuua 211 akaamuru jina lifutwe kila mahali. Mafundi wa Wilfrid wala hawakujali, kwao lilikuwa bamba zuri la kuezekea basi.

Nguzo usiangalie moja moja, zilinganishe. Santa Maria in Trastevere, Roma, vichwa vya nguzo vingine ni vya Kiioni (vyenye mizunguko kama konokono) vingine vya Kikorintho (vyenye majani). Msikiti Mkuu wa Kairouan, Tunisia, utaona vipande vimeongezwa juu ya vichwa vya nguzo kufidia urefu usiolingana.

Mwisho fungua ramani utafute gofu la Kirumi karibu, mawe ni mazito bana, mara nyingi hayakusafiri mbali.