Usiku wa Mlimani Huandaliwa Mchana

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumebeba saa mwilini. Jua huchwa karibu wakati uleule mwaka mzima, giza huingia upesi, na hakuna anayehitaji kalenda ili ajue machweo ni saa ngapi. Ukihamia mbali na ikweta, saa hiyo hukudanganya. Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, kwa mfano, mwishoni mwa Juni jua huzama kama saa 4 usiku. Mwishoni mwa Desemba limeshazama saa 9:40 alasiri. Mjini hutaona athari yake, maana taa zipo kila kona. Lakini nenda ukapige kambi mlimani, pasipo umeme, bomba wala duka, na saa mbili tu za kuchelewa zitaamua kama utalala au utakesha ukitetemeka.

Kambi ninazozungumzia ni zile zisizo na huduma: kipande cha ardhi kando ya njia ya wapanda milima, pengine choo cha shimo na duara la mawe la kuwashia moto, basi. Maji ni ya kijito, na taka unarudi nazo mwenyewe. Nyingi hazikuruhusu kushika nafasi mapema. Anayewahi ndiye anayepata. Sheria nazo hutofautiana mno, kwa hiyo usichukue uliyoyazoea nchi moja ukayapeleka nyingine. Norwei, sheria ya mwaka 1957 inakuruhusu kulala porini ilimradi hema lako liwe angalau mita 150 kutoka kwenye nyumba ya mtu. Uskoti ina sheria yake ya 2003, ambayo nayo inawapa watu uhuru mkubwa. Ukivuka tu mpaka kuingia England, sehemu kubwa ya nchi inahitaji idhini ya mwenye ardhi. Marekani, misitu mingi ya taifa huruhusu kupiga kambi kwa hadi siku 14 mahali pamoja, ilhali hifadhi nyingi za taifa hutaka kibali hata kwa usiku mmoja. Soma tangazo la hifadhi husika, hasa kuhusu moto, kwa sababu marufuku ya kuwasha moto hutolewa na kuondolewa kulingana na ukame.

Sasa turudi kwenye saa. Panga kufika kambini zikiwa zimebaki saa tatu nzima kabla ya machweo. Kuna kanuni ya mwaka 1892 ya Mskoti aliyeitwa William Naismith ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Njia ya kilomita 10 yenye kupanda mita 600 ni saa tatu. Hapo bado hujapumzika, na hesabu ile ni ya mtu mwepesi. Ukiwa na begi la kilo 15 mgongoni, ifanye saa nne na nusu. Kumbuka pia kwamba ukiwa kwenye korongo, kivuli cha mlima hukufikia mapema kuliko machweo yanayoandikwa kwenye simu, na baridi haingoji jua lizame kabisa.

Mara yangu ya kwanza nilifika giza limeshatanda. Nikapiga hema mahali pa kwanza palipoonekana tambarare kwenye mwanga wa tochi: bondeni, hatua chache kutoka kijitoni. Usiku wa manane nikaamshwa na matone usoni. Nilidhani hema linavuja. Nikapapasa dari kwa kidole, nikakuta utando wa maji, na karibu na zipu utando huo ulikuwa umeganda, unakwaruza kidole kama chumvi ya mawe. Ilikuwa pumzi yangu mwenyewe.

Ningefika mapema ningeona kosa langu. Hewa baridi ni nzito. Usiku hewa hiyo huteremka mlimani kama maji na kutuama mabondeni. Ukipanda mita kumi au ishirini tu juu ya kijito, unatoka kwenye dimbwi hilo la baridi. Na hata ukipata mahali pazuri, usizibe matundu ya hema ukidhani unatunza joto. Unachotunza ni unyevu, na unyevu ukifika kwenye mfuko wa kulalia, wewe umekwisha. Kabla ya kugonga kigingi cha kwanza, inua macho: mti uliokauka au tawi lililovunjika likaning'inia juu yako ni sababu tosha ya kuhama. Kaa kama mita 60 kutoka kwenye maji, kwa ajili yako na kwa ajili ya wanaoyanywa huko chini.

Kuhusu baridi yenyewe, usipange safari kwa utabiri wa mji ulio chini ya mlima. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Mji ulio mita 500 juu ya usawa wa bahari ukitabiriwa nyuzi 14 usiku, kambi iliyo mita 2,000 itakuwa karibu na nyuzi 4, na upepo haujahesabiwa. Kwenye mfuko wa kulalia, tafuta kipimo cha kulala kwa raha kilichopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537. Usiridhike na namba kubwa iliyo mbele ya mfuko, kwani mara nyingi hiyo ni ya ukomo, yaani mtu aliyejikunja na kuvumilia. Tena wengi wetu tunatumia fedha nyingi kwenye mfuko na kusahau kilicho chini yake. Ukilala, uzito wako unaukandamiza mfuko upande wa chini, hewa iliyotunza joto inatoka, na ardhi inakunyonya joto usiku kucha. Godoro la kupuliza la wageni wa nyumbani halisaidii, maana ndani yake ni hewa tupu inayozunguka. Nunua lile la kambini lenye kipimo cha R kilichoandikwa, yaani uwezo wake wa kuzuia joto lisipotelee ardhini. R ya 4 au zaidi inafaa usiku wa baridi.

Nguo za pamba ziache mjini, jinzi zikiwa za kwanza. Zikilowa hazikauki, na zikiwa mbichi zinakupoza. Sufu na polyesta ndizo nguo za mlimani. Weka jozi moja ya soksi kavu za kulalia ambazo hazitavaliwa mchana kwa hali yoyote ile.

Vitu vitatu navyo vilale nawe ndani ya mfuko. Simu, kwa sababu betri hupungua nguvu kwenye baridi. Chujio la maji, kama ni lile la mirija midogo, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yake yakiganda huipasua mirija, na kwa macho hutaona kitu. Utaendelea kunywa ukiamini ni salama. Na mtungi mdogo wa gesi: butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, ndiyo maana jiko lililowaka vizuri jioni linakataa alfajiri. Mchanganyiko wenye propani huvumilia zaidi. Ukikosa chujio, chemsha maji mpaka yatokote dakika moja, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000.

Lakini jiko hilo lisiwashwe ndani ya hema. Nasema hili kwa mkazo wote nilio nao. Baridi ikizidi, mtu hushawishika kuingiza jiko la gesi au makaa yanayoonekana kuwa yamekwisha. Yote mawili hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na makaa huitoa kwa wingi hata bila moshi wala mwali. Anayeivuta huhisi kichwa kinauma na usingizi unamlemea, akalala asiamke. Kama una baridi, chemsha maji nje, yatie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kisichovuja, ivishe soksi, uiweke katikati ya mapaja.

Haja kubwa: mbali na maji mita 60, shimo la sentimita 15 hadi 20, ulifukie.

Chakula kisilale hemani, na dawa ya meno pia, kwa maana mnyama anafuata harufu. Penye dubu, tumia kopo gumu lisilofunguliwa na dubu, ulihifadhi mbali na hema. Kwenye nyika ya Yosemite, hifadhi ya taifa huko Marekani, kopo hilo ni lazima kisheria.

Mwenzako akianza kutetemeka, kujikwaa na kuongea kwa ulimi mzito, mvue nguo mbichi, mwingize kwenye mfuko, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama bado anameza vizuri. Akiacha kutetemeka huku angali baridi na akili inamruka, hali imekuwa mbaya, omba msaada. Namba ni 112 nchi nyingi za Ulaya, 911 Marekani na Kanada. Pasipo mtandao piga filimbi: kwenye milima ya Alps ni mara sita kwa dakika, unapumzika dakika moja, unarudia; Marekani mara tatu.

Na kabla ya kuondoka, mwachie mtu ratiba yako. Hapa wengi wetu hukosea kwa upendo: tunamtumia mama au dada aliye nyumbani. Yeye hawezi kukuokoa. Akipiga namba ya dharura kutoka huko, itapokelewa huko. Mpe mtu aliye katika nchi uliyopo, anayejua lugha ya hapo. Mwandikie jina la mahali njia inapoanzia, namba ya gari, mahali utakapolala, na saa ambayo akiwa hajakusikia apige simu. Na saa hiyo usiandike kwa Kiswahili. Ukisema "saa tatu", naye ameishi ughaibuni miaka kumi, hutajua anahesabu kwa saa ipi. Andika 21:00.