Ndugu akipotea hapa Tanga, usingoje masaa 24

Hii habari ya kwamba lazima masaa 24 yapite ndo uende polisi tuiache jamani. Mtu hajarudi, si kawaida yake, simu haipatikani, nenda Chumbageni au kituo chochote cha karibu siku hiyohiyo na usiondoke bila RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Wakikwambia kasubirini kwanza, rudi na mwenyekiti wa mtaa muombe kumuona mkuu wa kituo.

Kesi za namna hii zinakufa mapema sana. Kamera za madukani memori ikijaa zinafuta picha za zamani zenyewe. Dereva boda wa stendi ya Kange leo anakumbuka alimbeba dada mwenye dera la zambarau akamshusha Makorora, muulize baada ya miezi mitatu atakwambia nabeba watu wengi bosi. Na hata akikumbuka, mahakamani wakili atambana ilikuwa Jumanne au Jumatano, taa zilikuwepo, akibabaika kidogo tu mshtakiwa anapata upenyo, maana upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe bila kuacha shaka ya msingi. Mwili ukichelewa kupatikana kwa joto letu hili, au ukitoka baharini, daktari anaweza asijue kilichomuua. Usipopatikana kabisa unabaki ushahidi wa mazingira, yaani wa kuunganisha vipande vipande bila aliyeona tukio, na huo ukiwa na pengo moja umekwisha.

Kwa hiyo chukueni daftari, andikeni alivaa nini mpaka ndala, kovu liko wapi, nani alimpigia mwisho. Boksi la simu lina IMEI, namba ya kuitambua simu yenyewe, wapeni polisi, wao ndo wanaweza kuomba rekodi kampuni ya simu. Chumba chake kisiguswe, najua shangazi atataka kufua mashuka wageni wapate pa kulala, mzuieni kwa adabu. Mswaki na kitana viacheni hapohapo mpelelezi avichukue mwenyewe kwa ajili ya DNA, tena kwenye bahasha ya karatasi, kwenye plastiki unyevu unaharibu. Hospitali ya Bombo piteni wodini na mochwari pia, inauma lakini piteni.

Mkisambaza picha WhatsApp ficheni alama moja, mfano pete, ili anayepiga akidai hela eti anaye mumuulize hiyo.

Kama miezi imeshapita bado karipotini, ila semeni ukweli kwa nini mlichelewa, mkipindisha hapo wakili ataanzia hapohapo. Na mpelelezi akihamishwa ulizeni jalada kaachiwa nani.