Jinsi ya kuomba ruhusa ya kusoma katika maktaba ya sheria ya chuo kikuu Uganda

Usipokuwa mwanafunzi wala mfanyakazi wa chuo, maktaba ya sheria itakupokea kama msomaji mgeni. Utaruhusiwa kuingia, kukaa mezani, kusoma na kutoa nakala kiasi. Kitabu chenyewe kitabaki pale pale. Nimeona mawakili wazima na tai zao wakibishana na mkutubi kwenye dawati kwa sababu tu hakuna aliyewaambia hilo mapema.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliye nje ya chuo husika: mwanafunzi Mkenya anayesoma chuo cha Kansanga, Kampala, na anatafuta kitabu kilichoko Chuo Kikuu cha Makerere, msaidizi wa sheria katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwanahabari, au mtu wa Busia mwenye kesi ya shamba ambaye amechoka kusimuliwa sheria asiyoiona.

Kabla ya kuomba, hakikisha unahitaji kwenda

Sehemu kubwa ya mambo yanayowapeleka watu maktaba inapatikana bure kwenye tovuti ya ULII, hifadhi ya mtandaoni ya sheria za Uganda: sheria zilizotungwa na Bunge, hukumu za Mahakama ya Juu, za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu. Ukitaka kifungu kimoja cha sheria ya leo, kaa nyumbani ukisome kwenye simu.

Ila angalia toleo. Tangu tarehe 1 Julai 2024 Uganda inatumia toleo jipya la sheria zake, Toleo la Saba, na namba za sura, yaani namba ambayo kila sheria hupewa ndani ya toleo, zimebadilika karibu zote. Sheria ya Ardhi iliyokuwa Sura ya 227 sasa ni Sura ya 236. Kanuni ya Adhabu imetoka 120 ikawa 128, na Sheria ya Urithi imetoka 162 ikawa 268. Vitabu vingi vilivyoko kwenye rafu viliandikwa kabla ya hapo na vinataja namba za zamani, kwa hiyo andika zote mbili kwenye daftari lako kabla hujatoka nyumbani. Ukifika unaulizia Sura ya 227 na mkutubi anafikiria toleo jipya, mtapoteza asubuhi nzima mkizungumzia sheria mbili tofauti.

Maktaba inakufaa kwa vile visivyoko mtandaoni au vilivyoko nusu nusu: vitabu vya ufafanuzi, majarida ya kitaaluma, ripoti za kesi za zamani, Gazeti la Serikali la miaka ya nyuma, tasnifu, na hasa sheria zilizokwisha kufutwa. Hizi za mwisho ndizo watu husahau. Shamba lililouzwa mwaka 1996 haliamuliwi kwa kuisoma Sheria ya Ardhi ya 1998 peke yake. Wakati ule ilikuwepo Amri ya Marekebisho ya Ardhi ya 1975, iliyotolewa enzi za Idi Amin, na usipoiona kwa macho yako hutaelewa kwa nini muuzaji aliandika karatasi vile alivyoandika.

Kuchagua maktaba

Makerere ina maktaba ya Shule ya Sheria na ina Maktaba Kuu, na ni mbili mbalimbali, kila moja na dawati lake. Maktaba Kuu ina jambo moja la ziada: tangu sheria ya 1958 ni mojawapo ya sehemu ambapo wachapishaji wa Uganda wanatakiwa kuweka nakala za machapisho yao, kwa hiyo kijitabu kilichochapwa Kampala zamani kikakosekana kila mahali kinaweza kuwa kwenye sehemu yake ya Africana, yaani ya machapisho yanayohusu Afrika. Kwenye barabara ya Makerere Hill kuna Kituo cha Maendeleo ya Sheria, LDC, ambacho si chuo kikuu bali ndipo wahitimu wa sheria wanaposomea uwakili. Maktaba yake imeelekea zaidi kwenye mambo ya mahakamani: taratibu za kesi, fomu, uandishi wa hati. Chuo Kikuu cha Kikristo kilichoko Mukono, Chuo Kikuu cha Kiislamu (IUIU), na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala (KIU) kilichoko Kansanga navyo vinafundisha sheria na vina vitabu vyake.

Kama unaweza kuchagua, chagua ile yenye kitu chako. Katalogi za vyuo vingi ziko mtandaoni na huhitaji ruhusa kuzitazama. Andika jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka na namba ya rafu. Kwa maktaba zinazotumia mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, vitabu vya sheria huanzia herufi K.

Barua

Hapa ndipo ombi linapopona au kufa, kwa hiyo usiharakishe.

Barua zinahitajika mbili. Ya kwanza ni yako mwenyewe, ya pili inatoka kwa mtu anayekujua. Mwanafunzi wa chuo kingine hupata barua ya pili kwa mkutubi wa chuo chake au kwa mkuu wa kitivo. Msaidizi wa wakili hupewa na ofisi, kwenye karatasi yenye nembo na mhuri. Anayefanya kazi na shirika huandikiwa na shirika. Raia wa kawaida asiye na ofisi nyuma yake aende kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la ngazi ya chini kabisa, wa mtaa wake. Barua ya LC1 haisemi kwamba wewe ni msomi, inasema unafahamika unakoishi, na mkutubi anataka kulijua hilo kabla hajakuachia juzuu ambayo haichapwi tena.

Barua yako iandike kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, lakini ofisi hizi bado zinafungua majalada yao kwa Kiingereza, na maktaba si mahali pa kupigania jambo hilo. Yaliyomo yawe hivi:

“Kwa Mkutubi, Maktaba ya Sheria. Yah: ombi la kusoma kama mgeni, tarehe fulani hadi tarehe fulani. Mimi ni msaidizi wa sheria katika kituo cha msaada wa kisheria wilayani Isingiro. Ninaandaa maelezo juu ya haki ya mkimbizi kufanya kazi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Naomba kusoma mijadala ya Bunge kuhusu muswada wa sheria hiyo, pamoja na tasnifu mbili zilizoorodheshwa hapa chini, ambazo nimeziona kwenye katalogi yenu. Sihitaji kuazima. Naambatisha barua ya mwajiri wangu na nakala ya kitambulisho.”

Inatosha. Tazama kilichofanyika humo: tarehe zina mwisho, kazi imetajwa, vitabu vimetajwa, na swali la kuazima limefungwa kabla halijaulizwa. Barua inayosema “naomba kufanya utafiti wa sheria” haimpi mkutubi chochote cha kuamulia, na asipokuwa na cha kuamulia huiweka pembeni. Orodha ya vitabu inamrahisishia pia kazi, maana anaweza kukujibu siku hiyo hiyo kwamba kimoja kimeazimwa na kingine kiko chumba cha akiba.

Itume kwa barua pepe na pia peleka ya karatasi. Ukiipeleka, beba nakala ya pili ugongewe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukirudi kuulizia huku huna nakala yenye mhuri, unaanza upya.

Vitambulisho na malipo

Mganda abebe kitambulisho cha taifa. Mkenya na Mnyarwanda wanaosafiri kwa vitambulisho vyao vya taifa wabebe hivyo hivyo, wengine pasipoti. Mkimbizi abebe kadi aliyopewa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Ongeza picha mbili ndogo za pasipoti na kitambulisho cha pili cha aina yoyote, cha kazi au cha chuo, kwa sababu geti na dawati kila kimoja kinaweza kutaka kubaki na kimoja. Pasipoti usiiache getini. Sema kwa upole kwamba utaionyesha tu, utoe kile cha pili.

Kuhusu ada, uliza mambo matatu kabla ya kufunga safari: kama inalipwa kwa siku, wiki au mwezi, kama nakala zinatozwa kando, na kama kuna amana. Kwenye vyuo vya umma kwa kawaida utapewa namba ya malipo, ile PRN ya mfumo wa mamlaka ya kodi, ulipe benki au kwa simu. Usimpe mtu noti mkononi hata akikuambia ndiyo njia ya haraka. Risiti ndiyo itakayokutolea kadi ya msomaji mgeni.

Siku ya kwenda

Nenda asubuhi, katikati ya muhula. Wiki za mitihani viti vinajaa wanafunzi na wageni ndio wa kwanza kuombwa warudi siku nyingine. Kwa vyuo vingi hizo ni wiki za Novemba na Desemba, kisha tena kuelekea Mei. Getini msalimu afande kwanza, kisha mwonyeshe barua yako ya kukubaliwa. Kumpita kwa haraka kana kwamba unafahamika hukuletea maswali mengi kuliko kusimama. Mkoba utaachwa sehemu ya mizigo, nawe utaingia na daftari, kalamu, simu na kompyuta.

Kwenye dawati taja kitu kwa anwani yake kamili. Kesi ya Matovu ya 1966, kwa mfano, iko ukurasa wa 514 wa juzuu ya ripoti za Afrika Mashariki ya mwaka huo, nayo huandikwa [1966] EA 514. Ukisema hivyo unaelekezwa rafu moja kwa moja. Ukisema “ile kesi ya mapinduzi ya Obote” utaipata pia, ila baada ya hadithi.

Ukimaliza usirudishe kitabu rafuni, kiache mezani au kwenye toroli. Kitabu kilichorudishwa pasipo mahali pake kimepotea, hata kama bado kiko chumbani.

Kuazima: nani, nini, na mlango wa nyuma ulio halali

Kanuni zinatofautiana kwa chuo, lakini mifupa yake ni ile ile. Vitabu vya rafu ya kawaida huazimwa na wanafunzi na wafanyakazi kwa siku au wiki kadhaa. Vitabu vinavyogombewa huwekwa chumba cha akiba na kutolewa kwa saa chache, au usiku mmoja. Ripoti za kesi, kamusi, sheria zilizojalidiwa, Gazeti la Serikali na tasnifu havitoki kabisa, hata kwa profesa. Wengi hudhani ni ukali wa bure. Fikiria: juzuu moja ikikosekana, kila mwenye kesi inayotegemea uamuzi wa mwaka ule amekwama, na duka la kununua nyingine halipo.

Ukiwa na rafiki mwanafunzi, usimwombe akuazimie kwa kadi yake. Faini na fidia vitaandikwa kwa jina lake, na kabla ya kuhitimu atatakiwa kupitishwa na maktaba kwamba hadaiwi. Utamchelewesha kwa ajili ya kitabu ambacho ungekisoma mezani.

Njia halali kwa mgeni ni hizi. Kama wewe ni mwanafunzi wa chuo kingine, mkutubi wako anaweza kuomba kitabu kwa niaba yako. Maktaba za vyuo vikuu Uganda zina umoja wao, CUUL, na wakutubi wanafahamiana. Kama ulihitimu pale, uliza kuhusu uanachama wa wahitimu, ambao mara nyingine huruhusu kuazima kwa kuweka amana. Na kama hitaji lako ni sura moja tu, omba nakala ya sura hiyo. Hii ya tatu hujibiwa haraka kuliko zote.

Nakala na picha za simu

Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inatenganisha vitu viwili. Maandishi ya sheria yenyewe, maamuzi ya mahakama na ripoti za tume za uchunguzi havilindwi na hakimiliki, kwa hiyo kikwazo chako hapo ni hali ya karatasi na bei ya kila ukurasa. Kitabu cha ufafanuzi kina mwenyewe. Sura moja kwa kusoma kwako binafsi itaeleweka. Kitabu kizima hakitaeleweka, hata ukikipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu. Tasnifu zina masharti yake, uliza kabla ya kutoa simu mfukoni.

Hifadhi za kulipia za majarida ya sheria zinafungwa na mikataba. Wasio wa chuo mara nyingi huruhusiwa kuzisoma kwenye kompyuta za ndani tu, wala usitegemee kupewa nywila ya kutumia ukiwa nyumbani. Kumbuka anwani yako ya barua pepe, uliza kama unaweza kujitumia makala.

Ukikataliwa

Uliza ni kipi kimepungua: barua, tarehe, au msimu. Barua hurekebishwa na tarehe husogezwa. Ikiwa jibu ni kwamba wageni hawapokelewi hadi mitihani iishe, omba uandikiwe tarehe ya kurudi kwenye ile nakala yako yenye mhuri, na wakati huo peleka ombi lile lile LDC au maktaba nyingine yenye kitabu hicho. Ikiwa dawati halina jibu kabisa, mwandikie Mkutubi Mkuu wa chuo, ambatisha barua ya kwanza, na mkumbushe tarehe iliyopokelewa. Kadi yako ikikaribia kuisha kazi haijaisha, omba kuongezewa kabla ya siku ya mwisho. Kwa kadi iliyo hai wanagonga mhuri mwingine tu, kwa iliyokufa unarudi kwenye barua.