Rutuba ya malisho inalala zizini

Mfugaji wa nyanda kavu huyajua mahame kwa nyasi zake. Wenyewe walishahama, uzio umeoza, lakini mvua ikinyesha kidogo tu duara lile linakuwa la kwanza kushika kijani. Kule Narok, kusini magharibi mwa Kenya, watafiti walichunguza udongo wa maboma ya wafugaji walioishi zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, wakaukuta ungali na fosforasi, kalisiamu na magnesiamu nyingi kuliko ardhi inayoyazunguka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Wapenda wanyamapori waliyafurahia, kwa sababu swala na nyumbu hufuata nyasi hizo tamu. Mimi niliyasoma kama daftari la hasara. Rutuba yote ile ilichumwa malishoni, tonge kwa tonge, ikamwagwa mahali pamoja usiku baada ya usiku, na malisho hayakurudishiwa kitu.

Hasara yenyewe haikai ardhini tu. Kwenye ranchi ya Kapiti, kaunti ya Machakos, inayomilikiwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), wanasayansi walipima hewa inayotoka kwenye maboma. Yale yaliyoachwa miongo kadhaa iliyopita yalikuwa bado yanatoa naitrasi oksaidi, gesi ambayo kila kilo yake huongeza joto la dunia zaidi ya mara 260 ya kilo moja ya kaboni dioksaidi. Naitrojeni ileile ambayo nyasi zako zinaihitaji inapaa bure, kisha wewe unaenda dukani kununua mfuko wa mbolea.

Mwenye ng'ombe wawili wa gredi (wa maziwa, wenye damu ya kigeni) mlimani asidhani hili ni la wenye mifugo mingi. Zizi lake ni boma dogo. Nepia, yaani matete ya kulishia ng'ombe, inakatwa shambani kila siku, inapita tumboni mwa ng'ombe, na kinachobaki kinarundikwa juani nyuma ya zizi. Wengi hukusanya kinyesi, lakini mkojo wanauacha uchuruzike hadi kwenye mtaro. Ng'ombe anayekula vizuri hutoa nusu au zaidi ya naitrojeni yake kwa njia ya mkojo, na potasiamu nyingi humo humo. Ukisikia harufu kali inayochoma macho asubuhi, hiyo ni amonia, yaani mbolea yako ikiondoka.

Kwa hiyo tengeneza sakafu ngumu yenye mteremko mdogo, na mfereji unaopeleka mkojo kwenye shimo lililofunikwa. Mahali pa kulala weka matandiko makavu, kama mabua yaliyokatwakatwa au maranda ya mbao, yafyonze unyevu. Lundo la samadi lijengee kivuli, kwa sababu jua hulikausha na mvua huliosha. Likilowa sana na kukosa hewa litazalisha methani, gesi nyingine inayoongeza joto la dunia. Ndiyo maana nasisitiza paa kuliko kitu kingine chochote, hata kabla ya kufikiria mtambo wa bayogesi. Kila ukikata nepia, chimba mfereji kati ya mistari, mwaga samadi na mkojo humo, fukia siku hiyohiyo. Samadi iliyotandazwa juu ya udongo mkavu na kuachwa ni kazi bure.

Sasa kuhusu methani ya tumboni, ambayo hutoka kwa mdomo ng'ombe akibeua, si kwa nyuma kama watu wanavyotania. Mwongozo wa jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, wa mwaka 2006 ulimkadiria ng'ombe wa maziwa wa Afrika kutoa kilo 46 za methani kwa mwaka, akiwa na kilo 475 tu za maziwa. Yule wa Amerika Kaskazini alikadiriwa kilo 128 za methani, lakini maziwa kilo 8,400. Gawanya mwenyewe: wetu ni gramu 97 hivi kwa kila kilo ya maziwa, wao ni 15. Hayo ni makadirio ya jumla, na ni kwa sababu hiyo ILRI ilianzisha maabara ya Mazingira jijini Nairobi, ipime ng'ombe wa hapa wakila lishe ya hapa. Wala sishauri kumfukuzia ng'ombe wa Marekani anayelishwa nafaka. Ninachokiona katika hesabu hiyo ni kwamba ng'ombe mwenye njaa anatumia karibu chakula chote kujiweka hai, anabeua vilevile, na ndoo inabaki tupu.

Mahali rahisi pa kuanzia ni panga. Nepia iliyopita kichwa cha mtu ni miti: nyuzi nyingi, protini kidogo. Ikate ikifika mita moja hivi, kila wiki sita hadi nane, uache kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Panda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari. Huongeza protini kwenye lishe na huvuta naitrojeni kutoka hewani. Ukiona mashina yamedumaa na majani membamba ya manjano, huo ni ugonjwa wa udumavu. Ng'oa shina zima na mizizi yake, na usimpe jirani vipandikizi kutoka shamba hilo. Penye ukame jaribu brakiaria, nyasi ya asili ya Afrika iliyokwenda kuboreshwa Amerika Kusini ikaturudia.

Anayechunga nje agawe malisho vipande na kuhama kabla nyasi hazijalambwa hadi mizizi. Zizi la usiku, kama ni la kuhamishika, lisogeze mara kwa mara juu ya sehemu zilizochoka za malisho, ili mahame mapya yaote pale unapoyataka.

Na kama mabati bado hayajapatikana, majani ya migomba yanatosha kufunika lundo la ng'ombe mmoja. Yabadilishe yakianza kupasuka.